Chai ya Yordani

Jumatatu ile Akoth aliinjika chai kabla jua halijapanda juu ya migomba, akatupia tangawizi aliyoiponda kwa kitako cha chupa, akaifunika sufuria kwa sinia na kuzigeukia chapati zake. Hoteli yake ilikuwa Budondo, pale njia ya mtoni inapokutana na barabara ya Jinja: banda la mabati, mabenchi yaliyong'arishwa na makalio ya watu, picha ya mumewe Joash ukutani, na kalenda ya duka la mbolea pembeni yake. Pampu ya kisima ilikuwa imekufa na fundi alikuwa njiani, na fundi akishakuwa njiani kila mtu anajua njia hiyo ni ndefu. Kwa hiyo maji ya chai yalitoka mtoni, kwa baiskeli ya Swaib mchuuzi wa maji, ambayo ililia chini ya jerikani kama mbuzi anayepelekwa sokoni.

Mteja wa kwanza alikuwa Gordon, dereva wa lori, Mkenya kama Akoth mwenyewe. Alikunywa nusu kikombe, akafuta mdomo kwa kiganja, akasema kwa sauti ile ile aliyoagizia chapati:

"Mimi ndiye niliyemtilia sumu mbwa wa jirani. Alikuwa akinibwekea nikirudi kwa yule mwanamke."

Hoteli ikacheka.

"Mbwa yupi, shemeji?" Akoth aliuliza.

"Sijui. Kwetu Ahero sina jirani mwenye mbwa. Niwekee chapati nyingine, hiyo iliyoungua kidogo."

Aliyefuata alikuwa Janepher, msusi wa kibanda cha pili. Alipuliza chai yake, akanywa, akatangaza kwamba yeye ndiye aliyeiba nyama kwenye matanga ya mama mkwe wake na kuificha ndani ya kanga ya kubebea mtoto. Janepher hakuwa na mume, sembuse mama mkwe. Alimaliza kikombe na kulalamika kuwa sukari ni kidogo.

Kufikia mchana senta nzima ilijua kwamba chai ya Akoth inasema. Watu wa Budondo hawakupoteza muda kuuliza inawezekanaje. Waliuliza ni dhambi ya nani.

Haikuwa kazi ngumu kujua. "Haya maji ni ya chini ya Yordani," alisema Namwase, mwenzake Akoth jikoni, Msoga mwenyeji wa hapo hapo. "Jumapili watu wameoga huko juu, sisi tunachota huku chini. Wewe unafikiri uchafu unaenda wapi, nyabo?"

Mto wenyewe una jina lake tangu zamani. Ni Nili, ule ule wa Musa ndani ya kisafina cha mafunjo, ule uliogeuka damu. Lakini Mtume Bramwel, kijana wa Webuye aliyefika Budondo na spika mbili na suti ya rangi ya maziwa, alihubiri kwamba Nili katika Biblia ina sifa mbaya. Farao alitupa watoto humo, na hakuna mtu anayetaka kuoshwa katika mto wa Farao. Mto wa kuoshwa ni Yordani. Naamani alijichovya humo akatoka na ngozi kama ya mtoto mchanga, na Bwana mwenyewe aliingia humo kwa miguu yake. Basi Mtume akalipaka jiwe moja kubwa la ukingoni rangi nyeupe, akaandika YORDANI, akauombea mto asubuhi nzima, na tangu siku hiyo ukawa Yordani wa kubatizia, kuanzia kwenye jiwe hadi kwenye mti wa mvule. Kupita mvule ulirudi kuwa Nili.

Swaib hakulipenda jambo hilo. "Sisi Waislamu tumefundishwa Nili ni mto wa peponi," alisema, akitua jerikani. "Kitu kikishapewa jina na Mungu, unakibadilishia la nini?"

Dada yake, Shadiah, aliyekuwa amefanya kazi za ndani huko Amman na kurudi na kidole kimoja kilichovunjika, alicheka. "Yordani yenyewe mimi nimeiona. Ka-mto ka matope, unaruka. Halafu inaishia kwenye bahari ya chumvi ambayo hata nzi hanywi. Ukitupa kitu humo, kimekwisha. Huu wetu, jamani, unanywewa kutoka hapa mpaka Misri."

"Shadiah siku hizi ni profesa," alisema Janepher, na maneno yakapita.

Siku mbili zile zilikuwa sikukuu. Akoth alikuwa mtu wa watu, mwenye kicheko cha kusikika hadi kituo cha bodaboda, na hakuna kitu alichokipenda kama nyumba iliyojaa. Aliazima mabenchi kwa Janepher. Watu walikuja kutoka vijiji vya jirani, wakanywa, wakasema: mmoja aliyemwaga maji ya moto kwenye mboga za wifi yake, mmoja aliyetia mawe kwenye gunia la kahawa, mmoja aliyeapa kwa kaburi la baba ambaye bado alikuwa hai. Waliookoka Jumapili walipita barabarani wakitazama mbele. Baadhi yao walituma watoto wa ndugu zao waje kunywa, ili wajue kama dhambi zao zilikwisha kutoka. Namwase alijaribu maji yale kwenye supu, hayakusema neno. Chumvi iliyanyamazisha. Ni kwenye chai tu yalipata mdomo.

"Ila zote hizi ni ndogo ndogo," Namwase alisema Jumanne jioni, akisugua sufuria. "Dhambi ndogo inaelea, kila mtu anapata kidogo. Kubwa inazama, inakwenda pamoja kama samaki mmoja."

"Basi na iende," alisema Akoth, bado akicheka.

Jumatano Christine, binti yake, aliamka na kichwa kinamuuma. Christine alikuwa akisomea ushonaji Jinja mjini, msichana wa kupenda soda kuliko chai, na hadi siku hiyo hakuwa ameonja. Alichota kikombe kutoka chini kabisa ya sufuria, pale chai inapokuwa nzito na nyeusi, akainywa yote amesimama mlangoni. Hoteli ilikuwa imejaa. Gordon alikuwepo, Swaib alikuwepo, Janepher alikuwa na kitana kichwani.

"Geti nilifunga mimi mwenyewe," Christine alisema. "Mvua ilikuwa kubwa na mto Nabuyonga ulikuwa umeanza kupanda. Niliwaambia vibarua wabaki ghalani wapandishe magunia ya mahindi juu, nikatia kufuli kwa nje, maana wakati wa mafuriko watu wanaiba. Nikapanda nyumbani, mlimani Wanale. Yule Mjaluo, Joash, alinipigia simu. Nikamwambia nakuja, nikaizima, nikalala. Maji yalipopungua niliwakuta wamelaliana mlangoni. Joash alikuwa bado ameshika bawaba. Nikachimba humo humo ndani na kumwaga saruji juu. Sasa sakafu imenyooka vizuri, magunia hayapati unyevu."

Kisha akasuuza kikombe, akakiinamisha juu ya kitambaa, akatoka.

Hakuna aliyecheka. Kila mtu aliyekuwepo alijua habari ya Joash: jinsi alivyokwenda Mbale kubeba magunia kwa tajiri, jinsi mafuriko yalivyopita usiku ule, jinsi Akoth alivyozunguka kando ya Nabuyonga siku nyingi akiuliza kila aliyekuwa na koleo. Mwili haukuonekana. Mwishowe watu wa Joash huko Ugenya walifanya kama wafanyavyo kwa mtu ambaye maji yamekataa kumrudisha: walitafuta tunda la yago, lile refu zito, wakalivisha shati lake na kulizika bomani. Akoth alilia juu ya tunda. Na kati ya waliokuja kumpa pole alikuwamo tajiri mwenyewe, Mzee Gidudu wa Mbale, na mchele na machozi, akasema Joash alitoka ghalani mapema, kabla ya mvua, na mto ulimkuta njiani.

Jumapili iliyopita Mzee Gidudu alikuwa amebatizwa Yordani. Alikuja na gari jeupe na fahali wa kuchinja. Senta nzima ilikula.

Wateja walimaliza chai zao polepole. Walitoka mmoja mmoja, kila mmoja akimuaga Akoth kwa sauti ya chini, kama watu wanaotoka wodini.

Dhambi ndogo ilikaa kinywani kadiri ya kikombe kimoja, kisha ikaondoka. Hii haikuondoka. Jioni ile Christine aliitazama picha ukutani na kuuliza huyo kibarua picha yake inafanya nini pale. Akoth akasema ni baba yako. Christine akasema, "Hapana, huyo alikuwa mbishi, kila mara anadai viatu vya mpira." Mikono yake ilinuka kutu ya kufuli, na hata aioshe kwa sabuni ya kufulia ilinuka vile vile. Kila alipolala alitandika godoro mbali na mlango, maana alisema mlangoni kuna watu wanagonga. Asubuhi alimwita Akoth "yule mwanamke wa Joash," akamwomba amsamehe kwa usumbufu, akampa pole, kwa maneno yale yale na kwa mapumziko yale yale ambayo Gidudu alimpa nayo pole Ugenya.

Hapo ndipo hofu ilimwingia Akoth. Alikwisha mpoteza Joash. Sasa aliyemuua Joash alikuwa akijenga nyumba ndani ya mtoto wake, na mtoto alikuwa akisogea ili kumpisha.

Alikwenda polisi. Afande wa kituo kidogo alimsikiliza vizuri, akavua kofia, akachukua kalamu.

"Aliyesema haya ni nani?"

"Binti yangu, afande."

"Amesema alifunga geti, na watu wakafa."

"Amesema, lakini siyo yeye. Ni chai."

"Mama, ya chai nimesikia, hata mimi nimekunywa. Lakini hapa tunaandika aliyesema. Hatuwezi kuandika mto." Alilamba ncha ya kalamu. "Binti yuko wapi sasa hivi?"

Akoth aliona kalamu ikisubiri jina la Christine. "Nilikuwa nakutania, afande."

"Usitanie polisi," afande alisema, wala hakukasirika. "Nitapita siku moja ninywe chai."

Alhamisi Akoth alichemsha maji yaliyobaki ya Jumatatu, akajaza chupa ya chai hadi mdomoni, akaifunga kwa leso na kupanda gari la Mbale. Alifikiri hivi: kama maji yamehamisha dhambi kutoka kwa mwenyewe hadi kwa Christine, basi maji yanaweza kuirudisha kwa mwenyewe. Dhambi inamjua bwana wake. Njia nzima alishikilia ile chupa mapajani kama mtu aliyebeba mayai.

Ghala la Mzee Gidudu lilikuwa Nabuyonga, umbali wa kurusha jiwe kutoka mtoni. Alimkuta mwenyewe mlangoni, amenenepa, uso laini. Zamani watu wa Mbale walijua kwamba Gidudu halali, wakafika hata kumwita mlinzi wa usiku. Sasa alikuwa na macho ya mtu aliyelala vizuri na kuamshwa na harufu ya chakula.

"Mama Christine! Karibu, karibu ndani. Leo ni baraka gani?"

Alimwingiza ghalani. Sakafu ilikuwa ya saruji, imenyooka vizuri, na magunia yalipangwa juu yake hadi darini. Akoth alisimama katikati. Alivua viatu, akasema vinambana. Alisikiliza kwa nyayo. Chini ya saruji kulikuwa kimya kabisa. Waliogonga hawakuwamo tena humo. Walikuwa Budondo, mlangoni kwa Christine.

"Nimekuletea chai, mzee. Ya kwangu mwenyewe, ya hotelini."

"Hata sijanywa tangu asubuhi," alisema Gidudu, akapokea kikombe kwa mikono miwili.

Akoth alimtazama koo lilivyopanda na kushuka. Gidudu alikunywa, akatulia, akasema, "Mimi ndiye niliyekuwa nikimsonya mama yangu mgonjwa nikidhani hasikii." Akaweka kikombe chini. Machozi yakamtoka. Akoth akammiminia kingine. Safari hii alikuwa ameiba embe kwa jirani na kumsingizia mjinga wa kijiji. Kingine tena, akasema alikwenda kanisani kutazama kofia za wanawake. Akoth alimimina hadi chupa ikatoa majani matupu, na Gidudu alilia juu ya kila dhambi, moja baada ya nyingine, kwa uchungu wa kweli, na zote zilikuwa ndogo. Ile kubwa ilikuwa imepita nzima katika kikombe kimoja, na kikombe hicho kilikwisha nywewa.

"Joash yuko hapa chini," Akoth alisema.

"Joash?" Gidudu alifuta macho. Alimtazama kwa huruma, na ndani ya macho yake hakukuwa na mtu aliyejificha. "Yule aliyechukuliwa na mto? Maskini mama. Mto ulichukua wengi. Alikuwa mchapakazi, bambi, ila alipenda kudai viatu."

"Ulifunga geti."

"Mimi wa zamani labda alifanya mengi. Mimi wa zamani alizikwa Yordani, mama, na Mungu hamkumbuki tena. Wewe utamkumbuka kumshinda Mungu?" Aliuliza bila ubaya, kama mtu anayeuliza saa. Kisha akamwekea mkono kichwani na kumwombea, akamsindikiza hadi barabarani akimbebea ile chupa tupu. Vijana wa kubeba magunia walimsalimu kwa upendo. Wote walikuwa wamevaa viatu vipya vya mpira.

Akoth alirudi Budondo akiwa amekaa dirishani, na mlima wa Wanale ulimfuata kwa muda mrefu kabla ya kuchoka.

Christine alikuwa ameketi nje ya hoteli, amekunja mikono tumboni kama wakaavyo wazee wenye mali. Alimuuliza Namwase mahindi siku hizi yanakwenda vipi.

"Kuna njia moja tu," Namwase alisema jikoni. "Iliingia kwa maji, itatoka kwa maji. Mpeleke Yordani."

"Kisha?"

"Kisha inashuka. Mtu mwingine anachota."

"Mtu gani?"

Namwase aliinua mabega. "Huko chini kuna watu wengi, nyabo. Mpaka Misri, si dada yake Swaib alisema?"

Akoth alikaa juu ya gunia la makaa. Alimwona mwanamke asiyemjua, kijiji asichokijua, ameinjika chai. Alimwona binti wa mwanamke huyo na kikombe. Jumamosi alimwita Swaib na kumwomba jerikani mpya, ile ya njano yenye mdomo mpana, na akamuuliza kitu ambacho Swaib pekee ndiye aliyekijua kwa kuchota kila siku: kitu kizito kikitumbukia kwenye jiwe jeupe, mkondo unakipitisha wapi.

"Penye mzizi wa mvule," alisema Swaib bila kuuliza zaidi. "Vyote vinapita hapo. Viatu, sahani, hata yule ndama wa juzi."

Jumapili kulikuwa na jua na spika zote mbili zilifanya kazi. Waliokuja kubatizwa walipangwa ukingoni wamevaa mashuka meupe. Mtume Bramwel alisimama majini hadi kiunoni, suti yake ikiwa imetundikwa kwenye mti, na kando yake alisimama mzee mpya wa kanisa, aliyepewa heshima ya kuwashika watu mkono wa kushoto. Alikuwa Mzee Gidudu.

Akoth hakwenda kusimama na wazazi. Alikuwa chini ya mvule, amepandisha nguo na kuingia hadi magotini, jerikani mkononi. Swaib alimshikilia mtandio kwa nyuma asije akachukuliwa. Kutoka pale alisikia kila kitu, maana spika zilielekezwa mtoni.

"Dada, unatubu nini?" aliuliza Mtume.

Christine alisema yote. Geti, kufuli, magunia, simu, bawaba, saruji. Alisema polepole kwenye kipaza sauti, na sauti ikavuka mto hadi ng'ambo ya pili, ikarudi. Mkutano mzima ulisikia. Afande wa kituo kidogo, ambaye Jumapili alikuwa anaimba besi, alisikia pia. Kisha mkutano ukasema Amina, kama ulivyosema kwa kila mtu, na aliyesema Amina kwa nguvu kuliko wote alikuwa mzee aliyemshika Christine mkono wa kushoto. Machozi yalimtiririka mashavuni. "Msichana mdogo hivi," alimwambia Mtume, na kipaza sauti kikayachukua maneno, "na mzigo mzito hivi."

"Umesamehewa," alisema Mtume. "Hakuna atakayekushitaki. Aliyeingia siye atakayetoka." Akamzamisha.

Akoth alilaza jerikani. Alihisi kitu kikipita kati ya miguu yake, laini na baridi, kisha jerikani ikavutwa kwa nguvu kama ndoano iliyokamata sangara. Maji yaliingia bila kutoa mapovu. Swaib alimvuta kwa mtandio, yeye akavuta jerikani, wakaanguka wote wawili kwenye matope, na Akoth akafunga kizibo kwa mikono yote miwili.

Huko juu Christine alitoka majini akikohoa. "Mama!" alipiga kelele. "Mama uko wapi? Haya maji ni baridi!"

Ilikuwa sauti yake. Mikono yake haikunuka kitu. Njiani kurudi nyumbani aliomba soda, akauliza kwa nini mama yake analia, na kwa nini watu wote barabarani wanampisha njia. Hakukumbuka neno. Hotelini alisimama mbele ya picha ya baba yake na kuipangusa vumbi kwa upindo wa shuka.

Jerikani ya njano Akoth aliiweka chini ya rafu ya sahani, kizibo kimefungwa kwa kamba ya kiatu cha Joash. Siku ya kwanza ilikaa kimya. Siku ya pili wingu likajikusanya upande wa ziwa, na tone la kwanza lilipogonga bati, jerikani nayo ikagonga. Ngo, ngo, ngo. Kwa kiganja kilichofunguka, kama mtu anayegonga geti la chuma akijua kuna mtu nje anayemsikia. Iligonga hadi mvua ilipokatika.

Aliwapigia simu watu wa Ugenya, akawaambia Joash amepatikana kidogo. Shemeji yake mkubwa alisikitika naye, kisha akasema kaburi lina tunda tayari, na boma haliwezi kumzika mtu mmoja mara mbili. Na zaidi, alisema, hicho ulicho nacho si Joash. Ni kitendo cha mtu mwingine. Hakina mahali kwetu.

Pampu ya kisima ilitengenezwa, na chai ya Akoth ikaacha kusema. Watu walirudi kula. Walizoea. Mvua ikinyesha na jerikani ikianza, wanapandisha sauti kidogo na kuendelea na maneno yao, na Gordon, akiwa na kisa kitamu, husita hadi ngo moja ipite. Afande hakuja kunywa chai. Alimwambia Janepher kwamba jambo lililosamehewa hadharani, mbele ya spika mbili, halina jalada.

Namwase ndiye aliyeleta chumvi, mfuko mzima. "Tia, nyabo," alisema. "Supu ilinyamaza, si unakumbuka? Tia inyamaze, tulale."

Akoth aliushika ule mfuko kwa muda. Ulikuwa mzito kiasi cha mtoto aliyezaliwa na afya. Aliwaza bahari ile ya Shadiah ambayo hata nzi hanywi, ambamo kila kitu kinaisha. Kisha akauweka mfuko kwenye rafu ya juu, na chumvi hiyo wakaipikia maharagwe.

Kila Jumapili baada ya ibada Mzee Gidudu hupita hotelini kabla ya kurudi Mbale. Huingia na shuka lake la mzee wa kanisa limekunjwa begani, husalimia kila benchi, humuuliza Christine habari za cherehani. Mtume aliwapiga marufuku waliookoka kunywa chai ya Akoth, kwa hiyo yeye huagiza soda na njugu za chumvi, na soda huifungua mwenyewe, kwa meno.

Siku moja mvua ilimkuta ndani. Jerikani ikaanza. Gidudu aliinua kichwa, akasikiliza, kichwa kimeinama upande.

"Mama Christine, kuna mtu anagonga."

"Ni jerikani, mzee. Imeingia hewa."

"Basi ifungulie ipumue."

 Sufuria ilikuwa motoni, maji yakikaribia kuchemka, tangawizi imekwisha pondwa. Akoth aliigusa kamba ya kiatu kwenye kizibo cha jerikani. Alifuta kikombe kimoja, kile kisafi kuliko vyote, akakiweka mbele ya mzee.

"Leo nikupe chai, mzee?"

Gidudu alikitazama kile kikombe. Alitabasamu, tabasamu pana la mtu asiye na deni na yeyote, akakisukuma taratibu kwa kidole kimoja hadi upande wa pili wa meza.

"Hapana, mama," alisema. "Wiki ijayo labda. Leo soda."

Akoth alimletea soda. Mvua iliongezeka, na watu wakapandisha sauti.